Kabla ya Kushuka Mlima: Nani Anapewa Namba ya Kifuani?



Juma lililopita mtu alitupa katika kundi letu video ya vijana wanaoshuka mlima wa theluji na mbao mbili miguuni, mbio kuliko pikipiki yoyote ya barabara ya Fizi. Maoni yakaanza kumiminika. Mmoja: "Huo ni mchezo wa Wazungu." Mwingine: "Sisi wanatufungia mlango tu." Kisha dada mmoja wa mwaka wa kwanza akauliza swali lililonifaa kuliko yote: "Lakini mutu anaingiaka namna gani pale? Anajiandikisha wapi?"

Mimi nimesoma historia, si michezo. Lakini swali la nani anaingia na nani anabaki nje ni swali la historia kabisa. Nimechimba, na haya ndiyo niliyopata. Ni marefu kidogo, muvumilie.

Kwanza tutoe njiani neno moja: kwamba hatuna milima. Eti! Maji ya Tanganyika yako mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mlima Mohi kule Itombwe unafika mita 3,475. Mteremko wa wanaume wa kiwango cha juu duniani unatakiwa uwe na tofauti ya urefu ya mita 800 hadi 1,100 kati ya mlango wa juu na mstari wa mwisho. Pigeni hesabu: kutoka Hauts Plateaux mpaka ufuko wetu, mteremko wa namna ile unaingia mara mbili na nafasi inabaki. Kinachokosa ni theluji. Ya kwetu iko mbali, kule Ruwenzori, kwenye Pic Marguerite ya mita 5,109, na barafu yake inazidi kuyeyuka. Ujasiri nao hatuukosi. Aliyewaona vijana wa Kivu ya Kaskazini wakiteremka na chukudu imejaa viazi, breki ni mguu na kipande cha mpira, hawezi kuniambia kwamba Mwafrika anaogopa mteremko.

Basi tuingie kwenye historia.

Mbio za kwanza za kushuka ambazo vitabu vinazikumbuka sana zilifanyika Montana, Uswisi, Januari 1911. Aliyezipanga ni Mwingereza, Arnold Lunn, na kombe liliitwa Roberts of Kandahar. Jina lile lisiwapite hivi hivi. Kandahar ni mji wa Afghanistan, na Roberts ni jenerali wa Kiingereza aliyejipatia sifa kwa vita vya kule mwaka 1880. Yaani kombe la mchezo wa matajiri waliokwenda likizo Uswisi lilibeba jina la vita ya kikoloni. Kuingia kulikuwa rahisi kwa aliyekuwa ndani tayari: uwe mtu wa kundi lile, uwe na nauli ya treni, uwe na majuma ya kukaa hotelini. Hakuna pointi, hakuna karatasi. Mlango ulikuwa urafiki na feza.

Mwaka 1924 mambo mawili yalitokea. Lunn na wenzake walianzisha klabu ya Kandahar pale Mürren, na kule Chamonix, Ufaransa, likazaliwa Shirikisho la Kimataifa la Skii, FIS. Lakini wenye sauti ndani ya FIS walikuwa watu wa Norway na majirani zao, na kwao skii ilikuwa kutembea mbali na kuruka. Kushuka tu? Waliona ni mchezo wa wavivu wanaopandishwa juu na treni. Ilibidi mkutano wa Oslo wa 1930 ndipo mbio za kushuka zikubaliwe. Mwaka uliofuata, 1931, Mürren ikapokea mashindano ya dunia ya kwanza, na wanawake walikuwamo: Esmé MacKinnon, Mwingereza, alishinda ya kushuka na ya slalomu. Mwaka ule ule Kitzbühel, Austria, ilianza mbio zake ambazo hadi leo ni ndoto ya kila kijana wa mchezo huu. Munaona? Hata mchezo wenyewe uliwahi kusimama nje ya mlango ukibisha hodi.

Olimpiki iliupokea mwaka 1936, Garmisch-Partenkirchen, Ujerumani. Pale ndipo mlango wa pili ulipofungwa, na ulifungwa usoni pa watu wa milimani wenyewe. Kanuni ilisema mwanamichezo asiwe mtu anayelipwa. Mwalimu wa skii, anayefundisha watalii ili apate mkate, akahesabiwa kuwa analipwa. Waaustria na Waswisi wakakasirika, na watu wao bora wa kushuka hawakwenda. Fikirini: mtoto wa mkulima wa mlimani, aliyekulia juu ya mbao zile, anazuiwa kwa sababu anafanya kazi, na mtoto wa tajiri anaruhusiwa kwa sababu hana haja ya kufanya kazi. Hiyo iliitwa usafi wa mchezo. Na haikuisha haraka. Mwaka 1972 huko Sapporo, Karl Schranz wa Austria, mmoja wa wakubwa wa wakati wake, alirudishwa nyumbani mbele ya michezo kuanza, juu ya pesa za matangazo. Kila nikisoma habari ile ninawaza walimu wetu wanaouza mkaa na dagaa baada ya darasa.

Sasa tufike kwenye mlango wa tatu, ule wa leo, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo dada yetu aliuliza.

Leo kijana hajiandikishi mwenyewe. Anaanza klabu, akiwa na miaka minne au mitano, anashindana na wenzake wa umri wake. Mwaka anaofikisha miaka 16 anaweza kupata lisansi ya FIS (si ile lisansi ya unif tuliyoihangaikia, hii ni karatasi ya mchezo). Lisansi haombi yeye, inaombwa na shirikisho la nchi yake, na shirikisho lile ndilo linalomwandikisha kwenye kila shindano. Hakuna shirikisho, hakuna lisansi. Hakuna lisansi, hakuna namba ya kifuani, hata kama unashuka kama tai.

Kisha pointi. Sisi tumezoea Exetat: asilimia ikipanda, sherehe inapanda. Kule ni kinyume. Bora wa dunia yuko sifuri, na mgeni anaanza na karibu elfu moja. Hesabu yenyewe si ngumu. Wanachukua muda wako, wanaugawanya kwa muda wa mshindi, wanatoa moja, wanazidisha kwa namba ya mchezo husika. Kwa kushuka, miaka ya karibuni, namba hiyo ni 1250. Mshindi ametumia sekunde 100, wewe 104? Tofauti ni asilimia nne, basi una pointi 50. Ila haijaisha. Wanaongeza penalti ya shindano, inayotegemea ubora wa waliokuwapo siku ile. Kama walikuwa wakali, penalti ni ndogo. Kama walikuwa wa kawaida, ni kubwa. Penalti ikiwa 60, wewe unaondoka na 110, na hata mshindi mwenyewe haendi nyumbani na sifuri, anabeba zile 60. Kwenye orodha yako wanaandika wastani wa matokeo yako mawili bora ya mchezo ule.

Mumeiona mitego? Ili pointi zako zishuke, lazima ukimbie pamoja na wenye pointi ndogo. Nao wako Alps, wako Amerika ya Kaskazini. Na ukifika pale, wenye pointi ndogo wanatangulia. Wewe wa namba ya 70 unakuta njia imechimbwa na mbao za wote waliopita, mashimo kama barabara ya Lulimba msimu wa mvua. Muda wako unakuwa mbaya, pointi zinabaki juu, kesho unaanza nyuma tena. Ni kama tangazo la kazi linalodai uzoefu wa miaka mitano kwa mtu aliyemaliza masomo jana. Tunalijua tangazo lile.

Juu ya mashindano ya kawaida kuna makombe ya mabara: la Ulaya, la Amerika ya Kaskazini, la Amerika ya Kusini, la Asia ya Mashariki, la Australia na New Zealand. Anayemaliza msimu wa kwanza pale anajipatia nafasi yake binafsi katika Kombe la Dunia, lile lililoanza Januari 1967. Kombe la Afrika hakuna. Theluji ya kuteleza ipo Oukaïmeden, Morocco, na Afriski kule Lesotho, lakini ngazi ya bara letu haikujengwa.

Hapa ndipo ninaachana na ndugu yangu aliyeandika "wanatufungia mlango tu." Tuseme ukweli: mlango huu una sababu, na sababu yenyewe ina makaburi.

Januari 1964, siku chache mbele ya Olimpiki ya Innsbruck, kijana wa Australia aitwaye Ross Milne, miaka 19, alitoka njiani akiwa mazoezini akagonga mti, akafa. Papo hapo watu wakaanza kubishana: alikosa uzoefu, ama njia ilijaa watu? Januari 1991, Wengen, Uswisi, Gernot Reinstadler wa Austria, miaka 20, alikuwa kwenye mbio za mchujo. Hakuwa bado na nafasi ya uhakika katika shindano kubwa, alikuwa anaitafuta. Karibu na mwisho akagonga wavu wa kinga na akafa kwa majeraha yake. Shindano la mwaka ule likafutwa. Huyu wa pili ananigusa zaidi. Hakuwa mgeni wa theluji, alikulia kwenye nchi ya mchezo huo. Alikuwa kijana mlangoni, anatafuta kuingia, sawa na sisi sote.

Na uzoefu peke yake haukingi. Ulrike Maier, bingwa wa dunia mara mbili, alikufa Garmisch mwaka 1994. Pale Wengen mtu mmoja alipimwa mwaka 2013 akienda kilomita 161.9 kwa saa. Ndiyo maana kwenye mbio za kushuka huwezi kufika siku ya shindano ukaanza tu: usipofanya mazoezi rasmi ya njia ile siku zinazotangulia, hauanzi. Na ndiyo maana kwa Olimpiki za karibuni mtu wa kushuka alitakiwa asizidi pointi 80. Kwa mwendo ule, kumwachia asiyejua siyo huruma.

Kwa hiyo swali langu halikuwa "juu ya nini kuna mlango?" Nilijiuliza ngazi ya kuufikia imewekwa kwa nani.

Waafrika waliofika wanatuonyesha. Lamine Guèye wa Senegal alikwenda Sarajevo mwaka 1984, akashuka, akawa mtu mweusi wa kwanza kutoka Afrika kushindana skii kwenye Olimpiki ya baridi. Alirudi 1992 na 1994. Wakati wake kanuni zilikuwa nyepesi: nchi ikikupeleka, unaanza. Zilianza kukazwa baada ya Calgary 1988, na aliyesababisha hakuwa Mwafrika. Alikuwa Mwingereza, Eddie Edwards, aliyependa kushuka ila akahamia kuruka kwa sababu kuruka kulikuwa na gharama ndogo. Akawa wa mwisho, dunia ikacheka na kumpenda, wakubwa wa Olimpiki wakakasirika. Tangu hapo wakataka mtu aonyeshe kwanza kiwango chake. Guèye alipinga hadharani kwamba kanuni hizo zinaifanya michezo ya dunia kuwa ya nchi chache.

Kenya nayo ilijaribu njia nyingine. Philip Boit, mkimbiaji kutoka upande wa Eldoret, alipelekwa Finland kwa msaada wa Nike, na mwaka 1998 akashindana Nagano kilomita 10. Alikuwa wa mwisho, wa 92, na mshindi Bjørn Dæhlie wa Norway alimngoja kwenye mstari kumkumbatia. Boit akampa mwanawe jina la Daehlie. Hadithi tamu, inasimuliwa kila mahali. Ila muangalie vizuri: ile ni skii ya kukimbia tambarare, inayotaka mapafu, na mapafu Wakalenjin wanayo. Kwa miaka miwili mtu mzima anaweza kujifunza kiasi cha kumaliza. Kushuka haiko hivyo. Kushuka kunataka utoto mzima.

Kwame Nkrumah-Acheampong wa Ghana ndiye anayekaribia kunikanusha. Aligusa skii mara ya kwanza ukubwani, mwaka 2002, ndani ya jengo la theluji ya bandia Milton Keynes, Uingereza, alipokuwa anafanya kazi mapokezi. Alikosa nafasi ya 2006, akaendelea, akafika Vancouver 2010. Lakini alishindana slalomu, ile ya kuzunguka miti kwa mwendo mdogo, si ya kushuka. Na mlango aliopitia ni wa pembeni, uliofunguliwa kwa nchi zisizo na nafasi: mtu mmoja wa kiume na mmoja wa kike, wastani wa pointi 140 usipitwe, slalomu na slalomu kubwa tu. Kati ya walioanza zaidi ya mia moja, waliomaliza walikuwa 48, naye wa 47. Wengi walikumbuka tu ile namba 47. Mimi ninaona watu zaidi ya hamsini walioanguka ama kupotea njia, na yeye amesimama.

Muangalie sasa waliofuata. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, pwani ya Kenya, mwaka 1998, akapelekwa Austria akiwa na miaka mitatu, baba yake wa kambo akamweka kwenye skii. Lillehammer 2016 kwenye michezo ya vijana, mashindano ya dunia 2017, na PyeongChang 2018 akabeba bendera ya Kenya peke yake. Mialitiana Clerc alizaliwa Madagascar, akakulia Ufaransa, akaiwakilisha Madagascar 2018 na 2022. Shannon Abeda, wazazi Waeritrea, alizaliwa Canada; 2018 kwenye slalomu kubwa alikuwa wa 61, na Beijing 2022 wa 39. Wote watatu ni watoto wa bara letu waliokulia karibu na theluji. Nchi zao zilitoa bendera na karatasi, nao wakatoa utoto.

Na hapa, Wanafizi wenzangu, nikafunga kitabu kidogo nikawaza nyumbani. Maana watoto wetu karibu na theluji wapo. Ni nani kati yetu hana shangazi ama kaka mkubwa aliyetoka Nyarugusu akapelekwa Marekani, Canada ama Norway? Watoto wao wanakulia kwenye baridi. Mmoja wao anaweza kuwa na klabu karibu na nyumba, kocha, mbao za kuazima. Je, anaweza siku moja kuvaa namba kifuani kwa jina la Kongo, nchi ambayo haijawahi kuonekana kwenye Olimpiki ya baridi?

FIS inadai mwanamichezo awe raia wa nchi anayoiwakilisha, awe na pasipoti yake. Kenya, kwa katiba yake ya 2010, imekubali uraia pacha. Sisi, Katiba ya 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kikongo ni mmoja na wa peke yake, hauwezi kushikwa pamoja na mwingine. Anayechukua uraia wa kule ili apate kazi na masomo, kisheria ameuacha wa huku. Kwa hiyo mtoto wa Kilifi alipata njia, na mtoto wa Baraka aliye kule kule kwenye theluji atachaguzwa: karatasi za maisha ama bendera ya babu yake. Mlango huo haukufungwa na Waswisi. Tuliufunga sisi, kwa sababu nyingine kabisa, za siasa na vita, na skii imekutwa tu njiani pamoja na mpira, riadha na mambo mengine mengi.

Mutasema ninaota. Lakini karatasi hizo hizo zinatukamata hata bila theluji. Mtaani kwetu kuna kijana golikipa, mikono yake kama kokoro. Alizaliwa kambini Tanzania, familia ikarudi. Timu ilipoitwa kucheza mbali wakamwomba cheti cha kuzaliwa. Cha kambi hakikukubaliwa, cha huku hakuwa nacho, na ofisi aliyotumwa ilimwambia arudi kesho mpaka basi ikaondoka. Riadha ya Olimpiki angalau inaacha nafasi ya hisani kwa nchi isiyokuwa na aliyefikia kiwango, mtu mmoja akimbie. Ila hata hisani ile inaanza na pasipoti.

Kwa hiyo dada, jibu lako kwa ufupi: anayeingia ni yule ambaye mtu mwingine alianza kumwandalia karatasi na safari tangu akiwa mtoto. Mtoto aliyezaliwa 2010, awe hapa Baraka ama kule Norway, anafikisha miaka 16 mwaka huu wa 2026. Wa Tirol wa umri wake ana miaka kumi ya kushuka nyuma yake, na lisansi yake inaanza kutumika tarehe 1 Julai.